Usimchague Namba Nne

Karakana, 9 Februari

Komeo, mpwa wangu,

Barua hii ikukute umesimama kwa miguu yako yote miwili. Sisi huku tunapumua. Bibi yako aling'olewa jino, na sasa anataka daktari alirudishe, eti bila hilo ulimi unapotea njia. Mama yako amehamishiwa wodi ya watoto. Kazi ni nyingi lakini zamu za usiku zimekwisha, na uso umeanza kumrudia.

Mimi masikio yanazidi kuniaga. Ukigonga bodi za magari miaka yote hii, bati haliachi kukujibu hata ukiwa kitandani. Ulipopiga simu juzi nilisikia nyuki tu, nikawa naitikia ndiyo, ndiyo. Mama yako akaniambia baadaye kwamba ulikuwa unaniuliza kama bado niko hai. Kwa hiyo tuendelee na barua, maana karatasi halinong'oni.

Sasa jambo lenyewe. Ligi ya Boneti inaanza mapema Machi. Nakueleza tena kwa sababu kila mwaka unajifanya umesahau. Karakana yetu ina wateuzi wanne: mimi, Rangi anayepuliza rangi, Fundi Umeme na Mama Stoo. Tunachukua timu yenu ya wanawake na kuigawana wachezaji watano watano, mmoja mmoja kwa zamu, na aliyechukuliwa amechukuliwa. Mnapocheza uwanjani, sisi tunahesabu: bao, pasi ya bao, beki na kipa kumaliza bila kufungwa. Kadi na kujifunga vinakata. Pointi zinaandikwa kwa chaki kwenye lile boneti jeusi la ukutani. Mshindi anakalia kiti cha ngozi tulichokitoa kwenye gari la balozi lililopinduka, mwaka mzima, saa ya chai. Wa mwisho anafagia.

Nataka tathmini yako. Siri za chumba cha kubadilishia nguo sizitaki, niambie tu anachoweza kuona mtu mwenye macho aliyelipa kiingilio. Rangi amekwisha anza maneno yake: ati mimi sichagui kwa macho, nachagua kwa damu, kila mwaka chaguo langu la kwanza ni wewe. Mwache aseme.

Jambo dogo tu la mwisho. Chuo cha ufundi hapa jirani kinatafuta mwalimu wa michezo. Mkuu wa chuo alileta gari lake kunyooshwa mlango, akaniuliza habari zako. Nataja tu.

Mjomba wako

*

Hosteli ya timu, 24 Februari

Mjomba wangu, shikamoo,

Mpe Bibi pole ya jino na umwambie ulimi wake haujawahi kupotea njia hata siku moja. Mama nimezungumza naye, amecheka kwenye simu, nikafurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Mimi sijambo. Chakula kipo, kitanda kipo, ninayelala naye chumba kimoja anakoroma lakini ni kipa, na kipa hagombezwi.

Haya, tathmini yako. Sina ninachomwibia mtu, yote haya ningewaambia usoni, na wengine nimewaambia.

Sumaku, kipa, ndiye huyo anayekoroma. Mipira ya juu anaitoa hewani kama mtu anayeanua nguo kwenye kamba. Ya chini, upande wake wa kushoto, anaifikia kwa huruma ya Mungu. Usimchukue mapema. Mwaka huu tutafungwa, Mjomba, sitakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa.

Bi Harusi, mshambuliaji. Tunamwita hivyo kwa sababu lazima kila kitu kimngoje yeye. Hakimbii, hakabi, jukwaa zima linamtukana mpaka linakaukiwa mate. Halafu mpira unamfikia mara moja na anafunga. Mchukue mzunguko wa pili na uzibe masikio, kazi ambayo kwako ni nyepesi.

Fataki, winga. Mlio mkubwa, moshi mwingi. Machi utasema hajapata kuzaliwa mwingine kama yeye, kufika Mei tunamtafuta kwa tochi. Mwachie Rangi, anapenda vinavyong'aa.

Kengele, kiungo. Domo halifungi, na waamuzi hawampendi, kwa hiyo hesabu kadi. Lakini kona zote anapiga yeye na faulo zote anapiga yeye. Magazeti hayamtaji kwa sababu hafungi. Mama Stoo hatamwona. Mchukue wa tatu.

Sasa Twiga, beki wa kati, mwaka wake wa pili kwetu. Mchague kabla ya wote. Kocha anampenda, atacheza dakika zote, na kwenye kona anapanda juu mpaka unaona nyayo za viatu. Nashinda naye kila asubuhi nikimwonyesha wapi pa kusimama ili asikimbie bure. Ana kasoro moja: akipigwa kiwiko hawezi kukaa nacho, lazima akirudishe.

Namba nne, beki wa kati, umri miaka thelathini na miwili. Usimchague.

Hayo ndiyo yote. Usiniulize swali kuhusu hilo la mwisho. Huyo mkuu wa chuo umpe salamu, na umwambie mlango wake ukikunjwa tena aangalie anapoegesha.

Komeo

*

Karakana, 10 Machi

Mpwa wangu,

Bibi amesomewa barua yako na amekasirika kuhusu ulimi, kwa hiyo ni mzima. Mama yako anakusalimia. Paa la karakana limevuja upande wa Mama Stoo, na Mama Stoo amevuja upande wetu sote.

Uteuzi ulifanyika Jumamosi baada ya kazi. Kama kawaida tulichomoa boliti kwenye kopo la mafuta, mwenye boliti ndefu anaanza. Nikachomoa ndefu. Rangi akaikunja mikono na kusema, "Haya, tumalize hili. Andikeni namba nne, twende kwenye uteuzi wa kweli."

Nikashika chaki. Nikasema, "Twiga."

Fundi Umeme alidhani sikumsikia Rangi, akarudia maneno yake kwa kupayuka. Nikamwambia nimesikia, Twiga. Rangi hakucheka. Nilitegemea acheke, nilikwisha kumwandalia jibu, nikabaki nalo mdomoni. Yeye alikuwa na boliti fupi kuliko zote, na kwetu mzunguko wa pili unageuka kurudi nyuma, kwa hiyo alichukua wawili kwa mpigo: Sumaku na huyo Fataki wako. Bi Harusi alinifikia mimi, nikamchukua. Kengele nikampata wa tatu kama ulivyosema. Wa nne na wa tano niliwatoa kwenye akiba, mabeki wa pembeni.

Nimekutii, Komeo. Mara tano zamu ilinifikia na mara tano nikakupita.

Ulichukuliwa pia, usidhani ulibaki. Mwishoni kabisa, wakati bonetini pamebaki wachezaji watano, wengine ni mabinti wa akiba wenye magoti mapya. Mmoja akakuchukua.

Mkuu wa chuo amerudi kuchukua gari. Anasema nafasi ile inaweza kungoja mpaka mwisho wa msimu wenu. Nataja tu.

Mjomba wako

*

Hosteli ya timu, 22 Machi

Mjomba,

Shikamoo, na salamu kwa wote, na leo salamu zinaishia hapo.

Umemchagua Twiga. Mtoto niliyemfundisha mimi kusimama, anayekaa mahali pangu, umemchagua wa kwanza, mbele ya watu, halafu unaniandikia kwa mbwembwe kwamba umenitii. Tangu lini? Nilipokuwa mdogo nilikwambia usinifuate shuleni, ukanifuata. Nilikwambia usije kwenye mechi yangu ya kwanza, ukaja na filimbi. Umri wangu wote hujapata kunitii, na siku uliyoamua kuanza ni hiyo!

Ndiyo, nilisema usinichague. Nilisema ili ukatae. Nilitaka uniandikie, "Nyamaza, mtoto wewe, nimekuchagua wa kwanza na anayetaka kucheka acheke." Nilikuwa na haja ya kuisoma sentensi hiyo, Mjomba. Nilikuwa nimeitengea na saa ya kuisoma.

Sasa nikuambie nilichokuficha. Goti nililoumia Oktoba limepona, daktari amelipima kila upande na kusema limepona. Ila kocha haamini daktari. Kiongozi wa klabu aliniita mwezi wa kwanza, akanikaribisha soda, akasema mkataba wangu unakwisha Juni na klabu itanifanyia heshima: mechi ya mwisho watanipa shada la maua katikati ya uwanja. Amekwisha pata mtu wa kuyafunga. Nikamshukuru kwa soda. Tangu hapo nakaa benchi na koti la mvua, na sikutaka wewe uwe unasimama mbele ya boneti kila Jumatatu ukinihesabia sifuri. Hiyo ndiyo sababu. Nilikuwa nakukinga wewe, na wewe ukakingika.

Sijaomba maua. Kila siku wenzangu wakitoka mazoezini mimi nabaki, na ukuta wa nyuma ya uwanja umechakaa kwa mpira wangu.

Na ni nani aliyenichukua? Umeandika "mmoja". Karakana ina watu wanne, Mjomba, usinizungushe.

Komeo

*

Karakana, 18 Aprili

Mpwa wangu Komeo,

Nimechelewa. Si posta, ni mimi. Barua hii nimeianza na kuichana mpaka mama yako akauliza kama karatasi tunapewa bure. Bibi hajambo. Paa limezibwa. Nimemaliza habari za nyumbani, sina pa kujificha tena.

Ni Rangi aliyekuchukua.

Fundi Umeme alimwambia, "Hebu chukua binti wa akiba, huyu hapangwi tena na kocha." Rangi akawa anafuta mikono kwa kitambaa, taratibu, kama anavyofanya kabla ya kupuliza rangi ya mwisho. Akasema, "Mpira haumtafuti beki anayekimbia. Unamtafuta anayejua pa kusimama, na huyu hajasahau." Akachukua chaki. Nilikereka, Komeo, nilikereka kuliko siku aliyonikwaruzia gari la mteja. Maneno hayo yalikuwa yangu, nimeyasema karakanani humo miaka nenda rudi, na yeye ndiye aliyekuwa akiyacheka.

Unataka kujua kwa nini nilikupita. Sikukutii. Nilitaka uache mpira. Basi, nimesema.

Oktoba ile nilikuwa jukwaani ulipoanguka. Watu walionizunguka wanasema ulilia na uwanja wote ukasikia. Mimi sikusikia. Niliona mdomo wako tu, umefunguka, na hakuna kilichotoka. Halafu wakaja wale wa machela. Toka siku hiyo nikifumba macho mdomo ule upo. Barua yako ilipokuja na kusema usinichague, nilishika fursa kwa mikono miwili. Nikajiambia: mwenyewe amechoka, mwache apumzike, mimi nani nimsukume. Sikuombi radhi. Mtu akimpenda mtoto anamtaka mzima.

Kwenye boneti una sifuri toka Machi. Jumatatu Mama Stoo alitaka kuifuta safu yako apate nafasi ya kuandika madeni ya vipuri. Rangi akasimama mbele yake na bunduki ya rangi mkononi, akamwambia aandike ukutani.

Twiga ananiletea pointi nzuri. Nakwambia kwa sababu utauliza.

Mjomba wako

*

Hosteli ya timu, 13 Mei

Mjomba, shikamoo,

Salamu kwa Mama na Bibi. Mwambie Rangi kwamba namsalimia kabla yako, na umwambie kwa sauti.

Nilikuwa nimeanza kulainika. Barua yako nimeisoma kwenye ngazi za hosteli, nikakaa na lile neno la mdomo, nikasema sawa, huyu mtu aliogopa, nitamwandikia kwa upole. Basi simu ikalia. Mkuu wa chuo! Ananipongeza, halafu ananiuliza navaa saizi gani ya tracksuit. Nikamuuliza tracksuit ya nini. Akasema, "Ya kazi, mwalimu. Mjomba wako ametuambia unaanza Julai."

Mjomba, umeniposesha? Umepokea na mahari ya tracksuit? Huyo uliyesema unataja tu, unataja tu, kumbe ulikwisha kunikabidhi! Nimemjibu kwamba saizi yangu atakupima wewe. Sivai. Mwambie hivyo kwa kinywa chako, si kwa barua, uende ukasimame mbele ya meza yake.

Sasa sikiliza ya uwanjani, na usiyasikie kwa Rangi. Twiga alirudisha kiwiko. Kadi nyekundu, mechi mbili nje. Kocha akageuka benchi, akatazama kila mtu, akanitazama mimi mwisho kama mtu anayetafuta funguo na kuzikuta mfukoni. Nikavua koti la mvua. Mechi ya kwanza hatukufungwa. Ya pili hatukufungwa. Aliporudi Twiga nilidhani nitarudi na koti langu, kocha akatupanga wote wawili. Yeye anakimbia, mimi nasimama. Jana tumetoka sare na timu iliyotukandika manne mwanzo wa msimu.

Lakini bado tuko pabaya. Mechi ya mwisho ni tarehe saba Juni, hapa kwetu, dhidi ya wanaoongoza ligi. Tukipata sare tunabaki, tukifungwa tunashuka daraja. Na maua yamekwisha agizwa, kiongozi amenikumbusha kwenye korido, meno nje.

Nimeacha tiketi yako getini. Mara ya mwisho uliniona nimelala. Ukitaka picha nyingine machoni, njoo uichukue.

Komeo

*

Karakana, 27 Mei

Mpwa wangu,

Sote wazima. Bibi amepata jino la bandia, analivua akitaka kusema kweli.

Nimekwenda chuoni. Nilivaa shati la Ijumaa. Nikasimama mbele ya meza, nikamwambia mkuu kwamba nilitoa ahadi isiyokuwa yangu na naichukua. Alinitazama kama nimegonga gari lake. Akauliza kama wewe ndiye uliyebadili nia. Nikasema hapana, yeye hakuwahi kuwa na nia hiyo, nia ilikuwa ya kwangu peke yangu. Nafasi wamempa mtu mwingine. Nimerudi nimejaa aibu mpaka kwenye soksi, lakini nimelala usingizi mmoja. Huna pa kurudia sasa isipokuwa mpirani, na mimi ndiye niliyeufunga mlango mwingine.

Hesabu ya boneti ni mbaya. Mama Stoo ameshika nafasi ya pili na hanitazami. Rangi anaongoza kwa pumzi yako, anakaa kwenye kile kiti cha ngozi kwa majaribio, eti anakipima. Mimi na Fundi Umeme tunagombania ufagio. Kadi ya Twiga iliniumiza. Nikikuombea usifungwe namwongezea Rangi, nisipokuombea mama yako ananitoa nyumbani.

Kuhusu tarehe saba, sitakuja. Kuna basi dogo lililobondwa ubavu na mwenyewe analitaka haraka. Na mtu asiyesikia mpirani ni kama nguzo tu, anazibia wengine. Tiketi umpe mtu mwingine.

Mjomba wako

*

Hosteli ya timu, 10 Juni

Mjomba, shikamoo,

Basi dogo halijambo? Ubavu umenyooka?

Acha nikusimulie mechi, kwa kuwa hukuja. Kipindi cha kwanza walitupiga kila upande. Sumaku alidaka na vya kwake na vya jirani. Kipindi cha pili ikaja krosi ya chini, ya kushoto, hukohuko tunakokujua wewe na mimi, Twiga akanyoosha guu kuiokoa, akaitia kwetu. Amejifunga. Pole kwa pointi zako. Akakaa chini kwenye nyasi anataka kulia, nikamwinua kwa kola na kumwambia alie baada ya mechi, sasa hivi nina kazi naye.

Zikabaki dakika chache tushuke. Tukapata kona. Kengele akauweka mpira huku akimtukana mshika kibendera. Wote wakamfuata Twiga, watatu wamemning'inia, kwa sababu kila mtu anajua anaruka. Mimi sikuruka. Nilikwenda pale ninapojua mpira huwa unaangukia Twiga akiukosa, nikasimama. Ukanikuta kichwani. Bao.

Halafu kipa wao akanijia na magoti yake yote mawili, nikaanguka, pumzi ikanitoka. Nilikuwa nimelala natazama mawingu. Hakuna kilichoniuma, nilikuwa sina hewa tu, lakini uwanja ulinyamaza wote. Walikumbuka Oktoba. Nikaona kwa pembe ya jicho machela inanyanyuliwa.

Ndipo nikasikia mtu. Uwanja mzima kimya, na mtu mmoja anabweka kama amekanyagwa: "Inuka! Komeo, inuka! Usiwape!" Mjomba, wewe husikii, kwa hiyo hujui una sauti gani. Mimi nimeijua tangu shule, ulipokuwa ukinifuata na filimbi. Niliinuka nacheka, wale wa machela wakadhani nimeumia kichwa. Nikatazama jukwaani, nikaona mtu ameshika uso kwa mikono miwili, na pembeni yake mtu mrefu mwenye rangi ya buluu kwenye nywele anarukaruka kama mtoto. Mlipotoka hamkuningoja. Sawa.

Sare. Tumebaki ligi kuu. Filimbi ilipolia kiongozi akaja na maua yake, makubwa, yamefungwa utepe. Nikayapokea, nikampa Twiga ayalilie, nikamwambia kiongozi sijaaga mtu. Picha ipo gazetini, tazama uso wake.

Jana wameniita ofisini. Mwaka mmoja. Hakukuwa na soda. Nimesaini kwa kalamu yao, na kalamu nimeondoka nayo, ndiyo ninayokuandikia.

Komeo

*

Karakana, 21 Juni

Komeo, mpwa wangu,

Mama yako anaimba jikoni. Bibi amebandika ile picha ya gazeti juu ya kitanda chake, na kila anayeingia anaonyeshwa uso wa kiongozi kwanza, wako baadaye.

Sijui ulimsikia nani. Uwanja una watu wengi, na watu wana sauti.

Lakini nikuulize, ikiwa ningekuwapo, ningesema kitu gani? Mtu aliyetaka uache angesema lala, mwanangu, yametosha. Nilikuwa nimejiandaa kusema hivyo. Niliapa njia nzima nikiwa njiani kwenda kwenye hilo basi dogo. Sasa ulipolala pale, mdomo wako ulikuwa umefungwa, Komeo. Niliutazama mdomo tu. Ulikuwa umefungwa na umekaza meno, na nikajua una hasira, huna maumivu. Mwenye hasira haambiwi alale.

Kiti cha ngozi amekalia Rangi. Chai analetewa. Mimi nimekuwa wa mwisho, Twiga alipojifunga nilikwisha, na sasa ufagio ni wangu. Nafagia vumbi la rangi chini ya miguu yake na yeye ananyanyua mguu mmoja, halafu mwingine, bila kuacha kunywa. Nafagia huku nacheka mpaka Mama Stoo ameuliza kama nimepata dawa mpya.

Jana baada ya kufagia nililisafisha boneti lote kwa petroli, likang'aa jeusi tii. Nikaandika jina langu juu, na chini yake nikaandika namba nne, kubwa, kwa rangi ya kopo, si kwa chaki. Rangi akaja mbio akitweta. Anapiga kelele kwamba uteuzi ni Machi, kwamba boliti hazijachomolewa, kwamba huyo ni mchezaji wake, kwamba kuna sheria.

Nimemwambia sisikii.

Mjomba wako